Tandu Chumbani kwa Bibi

Baba yangu alipigana na tandu masika mazima kwa ajili ya mwanamke ambaye hakuwahi kumtazama usoni. Mwanamke huyo alikuwa bibi yangu, mama yake mama, na sababu ya kutotazamana kwao haikuwa ugomvi. Ilikuwa heshima. Kwetu, enzi hizo, mwanamume na mama mkwe wake hawakukaa chumba kimoja, hawakula pamoja, hawakupishana mlangoni wala hawakusemezana. Najua wapo wanaoicheka mila hiyo siku hizi. Wacheke tu. Mimi niliishi katikati yake nikiwa na miaka tisa, na tangu hapo sijaona watu wawili waliohangaikiana namna ile.

Bibi alikuja kwetu mjini, Cheyo, mwaka ambao watu wa upande wao walihamishiwa kijiji cha Ujamaa. Yeye na babu waliishi miaka yote kwenye tembe, ile nyumba ndefu yenye paa la udongo, kando ya njia ya zamani ya misafara iendayo Ujiji. Babu alikuwa amekwisha kufariki. Kijiji kipya kilipopimwa, bibi alipewa kiwanja kwenye mstari kama wengine, akajengewa kibanda cha miti na nyasi, lakini hakupewa mtu wa kukaa naye, maana watu hawagawiwi. Mama alipokwenda kumwona alimkuta anajichotea maji mwenyewe huku miguu imevimba. Akarudi naye mjini kwa lori la magunia.

Walikubaliana kwamba bibi angekaa nasi mpaka mvua ziishe, halafu aamue mwenyewe. Kibanda chake kilibaki kinamngoja, ila si kwa muda mrefu. Balozi wa nyumba kumi alikuwa ametuma neno kwamba kibanda kisicho na mtu baada ya mavuno kitapewa familia nyingine. Mama hakutaka kusikia habari za kurudi. Alimwambia baba, mbele yangu, kwamba mama yake akirudi kule atafia peke yake na sisi tutaletewa habari wiki moja baadaye. Baba alichukua taa, akaenda kuitazama stoo.

Nyumba yetu ilikuwa ya matofali mabichi, vyumba viwili vinavyotazamana na ukumbi mwembamba katikati. Chumba chenye dirisha zuri kilitazamana na cha baba na mama, na bibi asingeweza kulala humo, kwa kuwa kila asubuhi angekutana na mkwewe ukumbini. Kilichobaki ni hiyo stoo ya uani, yenye mlango wake peke yake, ambamo baba, aliyekuwa seremala, alihifadhi mbao zake za mninga. Akazisogeza mbao upande mmoja, nikafagia upande wa pili, mama akatandika mkeka na godoro jembamba la pamba. Mimi nikahamia humo nilale na bibi.

Nikapata na kazi ya kupeleka maneno. Baba akitaka kuingia uani alikohoa kwanza, au aligonga ubao kwa nyundo mara mbili, na bibi, kama alikuwa nje akichambua mboga, alijitanda khanga yake na kuingia ndani. Ndipo baba aliposimama karibu na mtungi wa maji, akitazama ukuta wa jirani, na kuniambia, "Mwambie bibi yako shikamoo." Niliibeba ile shikamoo hatua kumi, nikarudi na marahaba. Siku nyingine nilikutana na mchezo njiani, marahaba ikafika baada ya chakula cha mchana. Baba aliipokea hivyo hivyo.

Bibi aliniita mayu, yaani mama kwa lugha yetu, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Kila ujumbe wake ulianza hivyo: "Mayu, mwambie baba yako." Nilijiona mtu mkubwa sana.

Mvua zilipokolea ndipo tandu walipotoka. Wa kwanza nilimwona mimi, akishuka ukutani nyuma ya mbao, urefu wa kalamu yangu ya shule, mgongo wa kahawia, miguu ya njano isiyohesabika. Nilipiga ukelele. Bibi alivua ndala, akamponda kichwani na mkiani pia, kwa kuwa tandu aliyepondwa upande mmoja huendelea kukimbia kwa upande wa pili. Kisha akamsukumia nje kwa ufagio na kuniambia, "Usimwambie baba yako. Atadhani nakilalamikia chumba."

Nilimwambia baba saa ile ile. Kazi yangu ilikuwa kupeleka maneno, kuyazuia sikufundishwa.

Baba alianza na majivu na tumbaku. Miaka ile tumbaku ilikuwa kila mahali kwetu, na ndugu zake waliilima, kwa hiyo hakukosa mabua na majani yaliyovunjika. Alinipa kikapu, nikanyunyiza mstari kuzunguka kuta zote kama alivyoniagiza. Kesho yake majivu yalikuwepo, tumbaku haikuwepo. Bibi, ambaye alikuwa mtu wa ugoro tangu ujana wake, alikuwa ameiokota jani kwa jani, akaipeta, akaianika, akaisaga na magadi.

"Mayu," akasema, huku macho yanamtoka machozi ya chafya, "mwambie baba yako tumbaku yake ni kali. Nzuri sana."

Baba alicheka mpaka akaweka nyundo chini. "Mwambie ile ilikuwa ya tandu."

Nikaenda, nikarudi. "Anasema tandu nao wamepata kidogo."

Lakini tandu waliendelea. Wawili kwa wiki, watatu, mmoja siku moja ndani ya kiatu changu. Kiini cha matatizo kilikuwa zile mbao, baba alilijua hilo, ila hakuwa na jinsi ya kuzitoa. Asingeweza kuingia chumba ambamo khanga za mkwewe zimetundikwa na bibi mwenyewe anaweza kutokea mlangoni wakati wowote. Siku pekee ambayo bibi aliondoka nyumbani kwa saa nyingi na kwa uhakika ilikuwa Jumapili, anapokwenda kanisani na mama. Hivyo baba, ambaye sikumbuki kama alikuwa amewahi kukosa ibada, alianza kuumwa kichwa kila Jumapili. Mimi nikaumwa tumbo ili nibaki kumchemshia maji. Mzee mmoja wa kanisa alifika jioni kumpa pole na kumwombea, na baba akainamisha kichwa akaombewa, kucha zake zimejaa udongo.

Jumapili ya kwanza alizitoa mbao zote nje, akazipanga ukutani na kuzifunika kwa mabati mawili yaliyotoboka. Mvua ya juma lile ilipita kwenye matundu, na mbao kadhaa za mninga zikapinda. Zilikuwa za meza ya mtu. Baba alizitazama, akazigeuza, akasema atatengenezea viti.

Chini ya ubao wa mwisho tulimkuta tandu mkubwa kuliko wote, amejikunja kuwazunguka watoto wake, weupe, wadogo sana, wamelundikana. Hakukimbia. Nilidhani amekufa, mpaka baba alipomgusa kwa kijiti naye akazidi kujikunja. Baba alisimama na birika la maji ya moto mkononi kwa muda. "Huyu naye ni mama wa watu," akasema. Kisha akamwaga.

Jumapili ya pili ilikuwa ya nyufa. Alileta udongo wa kichuguu, mimi nikaleta samadi ya ng'ombe na majivu, tukakanda, naye akaziba kila ufa na kila tundu la kuta nne. Kukandika ni kazi ya wanawake na baba hakuijua. Viraka vyake vilitokeza kama mandazi. Bibi aliporudi alisimama katikati ya chumba, akavikagua kimoja kimoja. Kesho yake asubuhi alichovya kiganja katika maji, akaanza kuvilainisha vyote kwa mkono, taratibu, akipitisha vidole juu ya alama za vidole vya baba mpaka zikapotea. Alimaliza siku mbili. Hakunipa ujumbe wowote wa kupeleka juu ya jambo hilo.

Tandu walipungua sana, lakini hawakwisha. Sakafu ilikuwa ya udongo, na nje kulikuwa na majani marefu na unyevu wa mvua. Baba akaamua kwamba bibi lazima atoke chini. Akatengeneza kitanda.

Nimelala vitanda vingi tangu siku zile na sijaona kizuri kama kile. Kilikuwa cha mninga mtupu, matendegu marefu kuliko kawaida, na baba alikiwamba mwenyewe kwa kamba ya katani aliyoilowesha usiku kucha ili ikikauka ikaze. Kila tendegu angelisimamisha ndani ya kopo lenye mafuta ya taa, tandu asiweze kupanda. Mafuta ya taa yenyewe tuliyapangia foleni kwenye duka la ushirika, na kwa ajili ya yale makopo manne tulikula gizani siku kadhaa. Hakuna aliyenung'unika. Hata mimi, na mimi nilikuwa mnung'unikaji.

Jumapili ya tatu kilikuwa tayari. Baba alikiweka uani, akavua viatu, akajilaza juu yake chali, mikono kifuani. Akageuka kulia, akageuka kushoto, akasikiliza. Hivyo ndivyo alivyokijaribu kila kitanda alichokitengeneza. Hakuwahi kumkabidhi mtu kitanda ambacho mgongo wake haujakiridhia. Hakikulia hata kidogo. Tukakiingiza chumbani, tukapanga makopo, tukatandika.

Bibi aliporudi kutoka kanisani nilimkimbilia mlangoni pa chumba chake. Nilimwambia yote, kwa mbwembwe: mninga, kamba, makopo. Na nikamalizia hivi: "Na hakilii, bibi. Baba amekilalia, amegeuka huku na huku, hakikulia."

Bibi alinitazama. Kisha akakitazama kitanda kwa muda mrefu.

"Mwambie baba yako asante," akasema. "Mungu amzidishie."

Sikujua nilichokuwa nimefanya. Sasa najua, na nimeishi nalo. Mama mkwe hawezi kulala mahali alipolala mkwewe. Hata kukaa hawezi. Ni aibu isiyosemeka, na kwa mwanamke wa kizazi chake ilikuwa afadhali tandu. Baba alilijua hilo kama yeyote, ila siku ile alikuwa amejisahau, alikuwa seremala tu. Kama ningenyamaza, bibi angelala salama na Mungu angetuelewa sote.

Jioni ile alinipandisha mimi kitandani. "Wewe mwepesi," akasema, "kizoee kwanza." Akakunjua mkeka wake chini, palepale. Ikawa hivyo kila siku. Alfajiri aliukunja mkeka na kuusimamisha nyuma ya mlango, akatandika kitanda vizuri, akaweka khanga yake juu ya mto, ili mama akipita aone ni cha kwake. Sikuuliza. Nilikuwa nimepata kitanda, nililala kama bibi harusi, na ninaona haya kuliandika.

Asubuhi moja niliamka nikamkuta ameketi mkekani, mkono wa kulia ameufunika kwa khanga. Niliuvuta. Ulikuwa umevimba kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko, na juu ya kifundo kulikuwa na vitundu viwili vyekundu. Midomo yake ilikuwa mikavu. Hakuwa amelia, wala hakuwa ameniamsha, kwa sababu mkwe wake alikuwa amelala ng'ambo ya uani na angesikia.

"Mayu," akasema, "hili usimpelekee mtu."

Safari hii nilinyamaza. Nilinyamaza siku mbili, nikimchotea maji, nikimsongea ugali kwa kisingizio cha kujifunza. Siku ya tatu mama jirani, mwanamke wa mjini aliyekuwa amehamia kutoka Gongoni, alikuja kuomba moto akamwona bibi anashindwa kukunja vidole. Huyo hakuwa na breki za mdomo. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa mama na sauti yake ikasikika nyumba nzima. "Mama yako ameumwa na tandu na wewe unapika?"

Mama alilia. Walimkanda mkono kwa maji ya moto na chumvi, wakamfunga kitunguu kilichopondwa. Baba aliniita kwenye banda lake la kazi.

"Kaumwa akiwa kitandani?"

"Hapana, baba."

"Kwa nini halali kitandani?"

Nikamwambia. Nilitegemea kofi. Baba alikaa juu ya benchi lake polepole, akashika kichwa. "Nimekilalia," akasema, si kwangu. "Nimekilalia mimi mwenyewe, kwa mgongo wangu." Nikaanza kulia nikisema ni mimi niliyesema, ni mimi. Akanivuta akanifuta uso kwa mkono uliojaa vumbi la mbao, akasema hapana, fundi ni yeye.

Sasa lile jambo lilikuwa wazi, na kuwa wazi kwake kulikuwa kubaya kuliko tandu. Bibi alijua kwamba mkwewe anajua. Alikuwa ameikataa zawadi ya mkwewe, na kumfedhehesha mbele ya mke wake na mtoto wake na jirani. Mchana ule ule alitoa shuka, akaweka khanga zake, sufuria yake, kibuyu cha ugoro, akafunga fundo. Alimwambia mama kwamba mvua zinaelekea kuisha na lori la kijijini linaondoka Jumatatu. Aliyasema hayo kwa upole, akimshika mama shavu kwa ule mkono mzima. Mama alimwomba, akapiga magoti. Bibi alimwinua, lakini fundo hakulifungua.

Jumamosi baba aligonga nyundo mara mbili, bibi akaingia ndani, naye akanituma nikamwambie kwamba anaomba kitanda. Bibi alijibu kuwa kitanda ni chake. Mimi na mama tulikitoa nje.

Baba alikata kamba zote kwa kisu. Akazilundika, akazichoma pale pale uani, tukaona moshi. Kisha akakifungua kitanda chote, matendegu na mifumbati, zile mbao za ubavuni, akaanza kupiga randa. Alipiga randa kila kipande, pande zote nne, mpaka kila mahali alipokuwa amekigusa pakaanguka chini kuwa maranda. Kazi hiyo ilichukua tangu asubuhi hadi alasiri. Bibi alikuwa ndani, mlango umefunguliwa kidogo, anasikia randa ikienda na kurudi. Mimi nilikuwa nakusanya maranda. Kitanda kilipungua unene lakini kikabaki imara.

Alipokiunganisha tena hakukiwamba. Alimwita mama jirani, akampa kamba mpya, na yeye na mama wakakiwamba wanawake wawili, wakikosea na kufumua. Baba alisimama mbali mikono nyuma, akiwaelekeza kwa mdomo tu. Hakukijaribu. Nilimwona alivyotaka. Mama jirani aliketi juu yake kwa kishindo akasema kinatosha kubeba nchi nzima, kisha akaenda zake kupika.

Halafu baba akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alichukua kigoda, akakiweka uani hatua tatu kutoka mlango wa bibi, akaketi akiupa mlango mgongo. Nilisogea nipokee ujumbe. Akanionyesha kwa mkono nikae.

"Mama," akasema.

Mama yangu, aliyekuwa anafagia, alisimama na ufagio.

"Mama, nimekosa. Nilitengeneza kitanda nikasahau ni cha nani. Sasa hakuna mwanamume aliyekilalia." Akaokota maranda miguuni pake, akayafikicha kiganjani. "Mama yangu mzazi nilimzika nikiwa na umri wa huyu mtoto. Sikuwahi kumtengenezea kitu. Kibanda chako kijijini wape wanaokihitaji. Usiondoke, mama. Mimi ndiye ninayekuomba, si binti yako."

Tulingoja. Jua lilikuwa limeshuka upande wa Itetemia na maranda uani yalikuwa mekundu. Nilikuwa nimeketi mahali ambapo niliuona uso wa baba na mlango pia. Mlango ulifunguka zaidi kidogo. Bibi alikuwa amesimama ndani, khanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso, anautazama mgongo wa mkwewe. Kwa miaka yote hiyo nadhani hakuwa amewahi kumtazama kwa muda mrefu hivyo.

"Baba," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nimesikia. Kiingizeni ndani, nitakilalia."

Mama alidondosha ufagio, akaenda kushika upande mmoja wa kitanda. Baba hakusogea. Aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika, na kwa kuwa hakuweza kugeuka, alibaki hivyo hivyo amekaa.

"Mayu," bibi akaniita. "Baba yako analia?"

Nilimtazama baba. Alikuwa hatua tatu tu kutoka kwake.

"Ndiyo, bibi."

"Mwambie na mimi pia."